Waswahili 32,000 Waliopotea: Rangi na Nasaba katika Historia ya Zanzibar

Sensa ya mwaka 1924 ilihesabu Unguja na Pemba watu wapatao 34,000 waliojitaja kuwa Waswahili. Sensa iliyofuata, ya mwaka 1931, ilikuta 2,000 na kidogo. Katika miaka hiyo saba hapakutokea tauni, njaa wala vita vya kuwamaliza watu 32,000. Walikuwa bado wapo, katika nyumba zile zile za mtaa wa Ng'ambo na mashamba yale yale ya karafuu. Kilichobadilika ni jibu walilompa karani alipowauliza kabila lao. Mmoja alisema Mshirazi, mwingine Mhadimu au Mtumbatu, mwingine Mwarabu. Waarabu peke yao walipanda kutoka chini ya 19,000 hadi zaidi ya 33,000, na ingawa majahazi ya kaskazi yalileta wahamiaji kutoka Oman kila mwaka, hayakuleta wote hao. Ilipofika 1948, Washirazi walioandikwa walikuwa 148,480 katika nchi ya watu 264,162.

Mabadiliko kama haya ni makubwa mno kuyaita makosa ya makarani. Wala si uongo wa watu waliotaka kujipandisha, kama maofisa wa Kiingereza walivyopenda kudhani. Wengi wa wakazi wa visiwa hivi walikuwa na bibi wa Kinyasa, babu wa Kihadimu na mjomba wa Kingazija kwa pamoja, na kati ya asili hizo zote za kweli walitaja ile iliyokuwa na manufaa wakati huo. Linalotaka maelezo ni namna manufaa hayo yalivyowekwa, na ilikuwaje jambo ambalo mwaka 1931 mtu aliweza kulichagua mlangoni pake likawa, mwaka 1964, jambo la kumwokoa au kumuua.

Dai la Ushirazi lenyewe ni la kale kuliko utawala wa Oman. Tarikhi ya Kilwa, iliyoandikwa karne ya 16, inasimulia habari za sultani wa Shiraz na wanawe sita waliosafiri kwa majahazi saba, kila jahazi likatia nanga kwenye mji wake wa pwani. Kusini mwa Unguja, kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani kina maandishi ya Kikufi yenye mwaka wa Hijria 500, yaani 1107 wa Miladi. Wazungu waliosoma habari hizi zama za ukoloni waliona wamepata ushahidi kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni. Baadaye upepo ukageuka. Uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, ulionyesha mji ulioanza kwa nyumba za miti na udongo za wenyeji, na misikiti midogo iliyojengwa mmoja juu ya magofu ya mwingine tangu karne ya 8. Wanachuoni wengi wakahitimisha kwamba Shiraz ilikuwa hekaya ya kutafutia heshima.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa karne nyingi zilizopita, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Majibu hayakumpendelea mtu. Upande wa kikeni ulikuwa karibu wote wa Kiafrika. Upande wa kuumeni, kuanzia mnamo mwaka 1000, ulikuwa na asili nyingi ya Asia, sehemu kubwa yake ya Kiajemi, na asili ya Arabuni ikaongezeka baada ya 1500. Hekaya ya majahazi saba, basi, ina kiini cha kweli, na miji ya Waafrika iliyofukuliwa Shanga ni ya kweli pia. Lakini mkulima wa Makunduchi aliyemjibu karani "Mshirazi" hakuwa akingoja maabara. Jina lilimwezesha kusema mambo mawili kwa neno moja: kwamba ukoo wake ulikuwa hapa kabla Mwarabu wa Oman hajafika, na kwamba hakutoka katika watumwa walioletwa kutoka bara.

Nasaba ya pwani hufuata baba, na bila kulishika hilo mengi ya Zanzibar hayaeleweki. Mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake alikuwa huru kisheria, akarithi, akaitwa kwa kabila la baba. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mweusi wa rangi kama wengi wa wapagazi wake na hakuna aliyemtilia shaka Uarabu wake. Rangi ya ngozi ilionekana, ilisemwa na kutaniwa, ila haikuwa ndiyo mizani. Mizani ilikuwa ukoo, dini, mali na mwenendo, vyote vikikusanywa katika uungwana. Na uungwana uliweza kutafutwa. Katika nchi ya Manyema, mashariki mwa Kongo, wafuasi wa Tippu Tip, wengi wao watu waliotekwa au waliojiunga na misafara wakiwa vijana, walijiita waungwana, wakavaa kanzu, wakasema Kiswahili na kukieneza hadi Kisangani.

Isidhaniwe kwamba wepesi huo ulikuwa upole. Uungwana ulipimwa kwa kuwatazama wasiokuwa nao. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na kuhimiza kilimo cha karafuu, ardhi yenye rutuba ya magharibi na katikati ya kisiwa iliishia mikononi mwa Waarabu, na mikono iliyoipalilia ilikuwa ya Wanyasa, Wayao, Wazaramo na Wamanyema waliouzwa sokoni. Wahadimu, wenyeji wa Unguja, walibanwa upande wa mashariki na kusini, uwandani, kwenye ardhi ya mawe ambayo mihogo na mtama huota kwa kubahatisha. Mtawala wao, Mwinyi Mkuu wa Dunga, aliachiwa heshima na ngoma zake huku akikusanya kodi kwa niaba ya Sultani. Aliyefuata baada ya kifo cha Muhammad bin Ahmed mwaka 1865 alikuwa wa mwisho. Mhadimu kwa kawaida hakuwa mtumwa, na alijua kulisisitiza hilo.

Waarabu nao hawakuwa kundi moja. Familia za kale zenye mashamba, zilizokwisha kusahau Kiarabu na kulelewa kwa Kiswahili, zilimdharau Mmanga aliyekuja na jahazi juzi, akafungua kiduka kijijini au akachukua mizigo bandarini. Mshihiri kutoka Hadhramaut aliuza kahawa na maji. Mngazija alijivunia elimu yake ya dini na baadaye kazi yake ofisini. Wahindi walikuwa Mabohora, Maismailia, Maithnaashari, Mabaniani, na Wagoa wa Kikatoliki, kila jamaa na msikiti, hekalu au kanisa lake, na ndio walioshika mikopo ambayo nusu ya mashamba ya Waarabu yaliwekwa rehani kwayo. Mwarabu tajiri wa shamba na Mwarabu mdaiwa aliyekonda mara nyingi walikuwa mtu mmoja.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Muhammed, aliyewekwa na Waingereza baada ya mizinga yao kuipiga kasri mwaka uliotangulia, alitia saini amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria. Amri yenyewe ilikuwa ya kusitasita. Mtumwa hakuachwa huru siku hiyo. Alitakiwa aende mahakamani kudai, na bwana wake akalipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Wengi hawakwenda kokote. Walibaki shambani kama wakaazi, wakilima mihogo na mbaazi kati ya mikarafuu kwa ruhusa ya mwenye shamba, na kwa malipo wakampalilia miti yake na kuchuma wakati wa msimu.

Mabadiliko ya kweli yalionekana mwilini. Kabla ya hapo mtumwa mwanamme alivaa kitambaa kiunoni na kwenda kichwa wazi mbele ya bwana wake. Mtumwa mwanamke alijifunga kaniki, kitambaa cheusi kisicho na maua, akaenda pekupeku. Viatu, kilemba na ukaya vilikuwa vya waungwana. Mara tu watu walipoanza kupata ujira wao wenyewe, wanaume walinunua kanzu na kofia, na wanawake wakaitupa kaniki. Kanga za rangi, jozi kwa jozi, zilitoka meli kwa meli, mtindo wa mwezi huu ukimfanya mwenye mtindo wa mwezi jana aonekane kapitwa. Hatua iliyofuata ilikuwa buibui, vazi lililowafunika binti wa tajiri na mjukuu wa mtumwa kwa kitambaa kile kile cheusi, asijulikane nani ni nani. Wazee wenye mashamba walinung'unika kwamba siku hizi hapana tena tofauti. Nung'uniko lao ni ushahidi bora kuliko ripoti nyingi za serikali.

Siti binti Saad ni mtoto wa zama hizo. Alizaliwa Fumba, katika ukoo wenye asili ya utumwa, akiuza vyungu alivyofinyanga mama yake, akahamia mjini. Taarabu wakati huo ilikuwa ya ikulu na ilikuwa ya Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, mbele ya matajiri na mbele ya majirani zake wa Ng'ambo, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri zilizouzwa pwani nzima. Waliomtukana walitaja asili yake na sura yake. Jina la Siti, ambalo ni heshima ya mwanamke muungwana, alipewa baada ya kuupata umaarufu. Wazazi wake walimwita Mtumwa.

Mtu wa Ng'ambo aliyejiita Mswahili mwaka 1924 alikuwa akisema: mimi ni Mwislamu wa mjini, si mshenzi wa bara. Kufikia 1931 jina hilo lilikwisha kuchakaa, kwa sababu majirani walilisikia kama njia ya adabu ya kusema "mjukuu wa mtumwa". Ndipo wengi wakaliacha. Hadi hapo mchezo ulikuwa wa heshima na kutambuana, na kila mtu alijua kanuni zake.

Serikali ya Kiingereza ndiyo iliyoufanya mchezo huo uwe wa mkate. Utawala wake uliitazama Zanzibar kama dola ya Waarabu, biashara ya Wahindi na kazi ya Waafrika, ukapanga ofisi, shule, mahakama na hata wadi za hospitali kwa kufuata picha hiyo. Mji uligawanywa: Mji Mkongwe upande mmoja wa mkono wa bahari, Ng'ambo upande wa pili, huku taa, mabomba na barabara vikifuata mgawo huo. Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa mwaka 1926, viti visivyo vya maofisa vilikwenda kwa Waarabu, Wahindi na Wazungu. Mwafrika wa kwanza, Ameri Tajo, aliingia mwaka 1946. Kwa mtu mwenye asili tatu au nne, somo lilikuwa wazi: ukiandikwa Mwarabu unasikilizwa, ukiandikwa Mwafrika unasemewa.

Vita Vikuu vya Pili vilipoleta uhaba wa chakula, somo hilo lilifika jikoni. Meli za mchele kutoka Burma zilikatika baada ya Wajapani kuiteka nchi hiyo mwaka 1942, na serikali ikaanzisha mgao kwa kadi. Kadi ilifuata taifa la mtu. Walioandikwa Waarabu na Waasia walihesabiwa kuwa walaji wa wali, wakapangiwa mchele. Waafrika walihesabiwa kuwa walaji wa sembe na mihogo. Lakini Unguja na Pemba kila nyumba iliyojiweza ilikula wali, na hapana harusi wala hitima isiyo na wali. Kumnyima mtu mchele kwa hoja ya kabila lake ilikuwa kumwambia hadharani kwamba yeye si mtu wa mji. Washirazi, ambao serikali iliwaweka kundi moja na wabara, waliona wametukanwa. Chama cha Washirazi kilichoanzishwa Pemba mwishoni mwa miaka ya 1930 kilipata nguvu yake katika malalamiko ya aina hii.

Hali ilifanana ng'ambo ya mlango wa bahari. Katika ukanda wa pwani ya Kenya, uliokuwa kwa jina mali ya Sultani, sheria iligawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na kila upande ulikuwa na kodi yake, mahakama yake na haki zake. Waarabu wa Mombasa walipopewa haki ya kumchagua mjumbe wao katika miaka ya 1920, Thenashara Taifa, yaani koo 12 za Waswahili wa mji huo, walikataliwa kupiga kura pamoja nao. Watu waliosali safu moja na kuozana kwa vizazi walijikuta na vyama viwili vinavyoandikiana barua za kukanushana nasaba. Hakimu wa Kiingereza ndiye aliyekuwa akiamua nani Mwarabu.

Lakini ukoloni haukuwa na nguvu sawa kila mahali, na tofauti ya Unguja na Pemba inalithibitisha hilo. Sheria zilikuwa zile zile na makarani wale wale. Ila Pemba Waarabu na Wapemba waliishi vijiji vimoja, wakaoana sana, na karafuu zilikuwa za wote: Mpemba mwenye miti 50 alikuwa jirani wa Mwarabu mwenye miti 500, na wote wawili waliomba dua ya mvua ile ile na kulalamikia bei ile ile. Wafanyakazi wa bara walikuwa wachache. Unguja ardhi ilitengana. Eneo la mashamba lilikuwa la wenye miti Waarabu na wakaazi wenye asili ya bara; eneo la uwanda lilikuwa la Wahadimu. Ndiyo maana neno "Mshirazi" Pemba lilimwelekeza mtu kwa Mwarabu, na Unguja mara nyingi lilimwelekeza kwa Mwafrika mwenzake, ingawa kwa kusitasita. Wachambuzi wanaotaja Washirazi kama kundi moja lenye msimamo mmoja hulazimika baadaye kueleza matokeo ya kura yasiyoelezeka.

Siasa za vyama ziliingia katika udongo huo. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembe Samaki, nje ya mji, waligoma kuchanjiwa ng'ombe wao kwa lazima. Walikuwa tayari na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Vurugu hizo, zijulikanazo kama Vita vya Ng'ombe, ziliishia kwa watu kupigwa risasi na polisi. Wakulima hao waliunda chama cha raia wa Sultani, kisicho na sharti la kabila, na mwaka 1955 kikawa Zanzibar Nationalist Party, ambacho wengi walikiita Hizbu. Wasomi Waarabu wakaingia na kushika uongozi. Februari 1957 African Association, iliyokuwapo tangu 1934, na Washirazi wa Unguja waliungana kuunda Afro-Shirazi chini ya Abeid Amani Karume. Washirazi wengi wa Pemba hawakuridhika. Mwaka 1959 Mohamed Shamte na wenzake walijitenga na kuunda Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP).

Kuna mvutano kati ya wanahistoria juu ya kilichofuata. Abdul Sheriff na wengine wa mrengo wake hutazama zaidi ardhi, madeni na tabaka, na huona lugha ya rangi kama ganda lililofunika ugomvi wa mwenye shamba na mkaazi wake. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 2011, anasisitiza kwamba wasomi wa hapa hapa, walimu na waandishi wa magazeti wa kambi zote, ndio waliotunga fikra za taifa zilizowabagua wengine. Hizbu kiliwaita wote wananchi, kisha kikaueleza uananchi kwa ustaarabu na Uislamu wa pwani, hata mbara akabaki mgeni asiyestahili kura. Afro-Shirazi kiliueleza kwa damu, hata Mwarabu wa kizazi cha tano akawa mvamizi wa juzi. Ukisoma magazeti ya wakati huo, Mwongozi upande mmoja na Afrika Kwetu upande mwingine, hoja ya Glassman ni vigumu kuikwepa: matusi yale hayakuandikwa na Mwingereza. Hata hivyo matusi yangebaki ya gazetini kama kusingekuwa na shamba la kumfukuza mtu.

Na watu walifukuzwa. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957, ambao Hizbu hakikupata hata kiti kimoja, baadhi ya wenye mashamba waliwaambia wakaazi waliopigia kura upande wa pili wang'oe mihogo yao waondoke. Mapatano ya miaka 60, ya kulima kati ya mikarafuu bila kulipa kodi, yalivunjika katika msimu mmoja. Wafuasi wa Afro-Shirazi walijibu kwa kususia maduka ya Wamanga. Wazee wa Zanzibar huziita siku hizo zama za siasa, na wanachokikumbuka kwanza ni mambo ya nyumbani kuliko hotuba: ndugu waliosusiana mazishi, mabasi ya chama hiki yasiyopandwa na watu wa chama kile, visima vya kugombewa, talaka zilizotolewa kwa sababu ya kadi ya chama. Sensa ya 1958, kwa kejeli ya historia, iliwaweka Waarabu na Waafrika katika kundi moja la watu karibu 280,000 kati ya 299,111. Wakati serikali inaona hapana haja tena ya kuwatenganisha, wenyewe walikuwa wamekwisha kutengana.

Uchaguzi wa Juni 1961 ulianzisha mapigano yaliyoua watu 68, wengi wao Wamanga wa mashambani, yaani Waarabu maskini kuliko wote. Wenye majumba hawakuguswa. Ukweli huo unastahili kuzingatiwa na kila anayedhani ugomvi ulikuwa wa tabaka tu. Julai 1963 Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura zote na viti 13. Hizbu na mshirika wake wa ZPPP walipata viti 18 na serikali. Hesabu hiyo ilikuwa halali kwa kanuni za majimbo. Kwa walio wengi wa Ng'ambo na mashamba ya Unguja haikuwa na maana nyingine ila kwamba Mwarabu ameachiwa nchi. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, Sultan Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa nchi, na serikali hiyo ilidumu mwezi mmoja.

Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 wanamapinduzi waliteka vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni. Sauti iliyosikika redioni ilikuwa ya John Okello, Mkristo kutoka Uganda. Jamshid alikimbia kwa meli. Katika siku na wiki zilizofuata maelfu ya Waarabu waliuawa, hasa mashamba ya Unguja, pamoja na Wahindi kadhaa. Idadi kamili inabishaniwa hadi leo. Pemba, ambako Waarabu walikuwa wengi vile vile, hapakuwa na mauaji ya kiasi hicho. Na walioshika bunduki hawakupangika kwa rangi kama hadithi ya pande mbili inavyotaka. Chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, kilichojitenga na Hizbu mwaka 1963, kilikuwa na vijana wengi wenye asili ya Kiarabu na Kingazija, na wakaingia katika serikali ya Mapinduzi. Kijijini, lakini, hapakuwa na nafasi ya maelezo marefu. Ndevu, jambia ukutani, jina la baba au ushuhuda wa jirani vilitosha.

Serikali mpya ilitaifisha ardhi na kuigawa kwa eka tatu tatu, ikafungua shule na hospitali kwa wote, ikajenga majumba ya Michenzani palipokuwa na vibanda vya Ng'ambo. Ilitangaza pia mwisho wa ukabila, na njia iliyochagua ilikuwa kuufuta kwa amri. Vyama vya jamaa vilipigwa marufuku. Ushirazi, ambao jina lake lilikuwa bado ndani ya jina la chama tawala, uligeuka kuwa neno la kutiliwa shaka, na watu walitakiwa wajitaje Waafrika. Septemba 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na Karume, ambaye sasa alikuwa Rais wa Zanzibar, alilitetea jambo hilo kama njia ya kuvunja ubaguzi. Lilivunja nyumba zao na kuwaongezea sababu waliokuwa wakikimbia kwa ngalawa usiku kuelekea Tanga na Mombasa.

Mwaka huo huo, Julai, Qaboos bin Said alitwaa madaraka Oman na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi. Maelfu ya Wazanzibari walikwenda, baadhi wakitokea Cairo, Kuwait na Uingereza. Uraia ulipatikana kwa kuonyesha kabila: mtu aliyejulikana kuwa Barwani, Harthi au Riyami alipata wa kumshuhudia. Nasaba iliyomhatarisha mtu Unguja mwaka 1964 ndiyo iliyompa pasi ya kusafiria Muscat. Huko, kwa upande wake, aliitwa Mzinjibari. Wengi hawakujua Kiarabu cha kutosha, walikwisha kusoma kwa Kiingereza, na walipata kazi nzuri katika mafuta, polisi na hospitali haraka kuliko waliokuwa wamebaki Oman siku zote, jambo lililowaletea husuda. Kiswahili kinasikika Muscat hadi leo, pamoja na urojo na taarabu, na watoto wa waliokuwa Waarabu wa Zanzibar wamekuwa Waswahili wa Oman.

Visiwani, vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ramani ya zamani ilijitokeza upya ingawa majina yalibadilika. Pemba ilisimama na chama cha CUF. Wapinzani wa chama hicho waliwaita wafuasi wake Hizbu na vibaraka wa Sultani, hata vijana waliozaliwa baada ya Sultani kuondoka. Damu ilimwagika tena Januari 2001. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliridhia serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66, na kwa muda uchungu ulipungua. Mstari unaogombewa zaidi sasa hauko kati ya Mwarabu na Mwafrika; uko kati ya Mzanzibari na mtu wa Tanzania Bara. Chombo chake ni kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, ambacho bila hicho mtu haandikishwi kupiga kura ya Zanzibar. Kila uchaguzi huleta malalamiko ya Mpemba aliyenyimwa na sheha wake au ya mbara aliyepewa.

Tanzania ilihesabu makabila kwa mara ya mwisho katika sensa ya mwaka 1967. Kenya imeshika njia nyingine, na imewafikia hata Wapemba. Wavuvi waliovuka kutoka Pemba kwa vizazi kadhaa na kukaa Kilifi na Kwale walihesabiwa kuwa wageni wasio na nchi, bila kitambulisho, bila leseni ya uvuvi kwa majina yao, bila laini ya simu. Wamakonde wa Kwale walikuwa wamekwisha kuandamana kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Januari 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa mojawapo ya makabila ya nchi hiyo, na katika miezi iliyofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Mpemba wa Kilifi sasa ni Mpemba kwa sheria. Binamu yake aliyebaki Wete, Pemba, haulizwi kabila na karani yeyote.